Mizoram: jimbo la India lililoanza na njaa ya panya (uzi mrefu, vuta kiti)

Mpanda Ngazi #1

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani India ikitajwa ni matibabu, bajaji na filamu. Leo nawapeleka pembeni kabisa, kona ambayo hata Wahindi wengi hawajawahi kufika.

Miaka kadhaa nyuma nilisoma kusini mwa India. Hosteli wakanipanga chumba kimoja na kijana ambaye siku ya kwanza nilimdhania Mchina. Kumbe Wahindi wenzake nao walimdhania Mchina. Urafiki wetu ulianzia hapo: tukienda sokoni wote wawili tunaulizwa tunatoka nchi gani, tofauti ni kwamba mwenzangu alikuwa kwao.

Ni Mmizo, wa Aizawl, makao makuu ya jimbo la Mizoram. Chukua ramani, angalia kaskazini-mashariki, kile kipande kilichochomoza ng'ambo ya Bangladesh. Kinachoning'inia chini kusini ndiyo Mizoram: magharibi Bangladesh, mashariki na kusini Myanmar. Eneo ni kama kilomita za mraba 21,000, na sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 1.1 tu, kwa India hiyo ni mtaa. Mi ni mtu, zo ni milimani, ram ni nchi. Nchi ya watu wa milimani.

Desemba moja akanichukua kwao Krismasi. Tulishuka Silchar, jimbo jirani la Assam, tukapanda Sumo (magari ya abiria wa kubanana, kama chai maharage za zamani), geti la Vairengte wakakagua karatasi. Mhindi wa jimbo lingine haingii Mizoram bila kibali maalumu, sheria waliyoiacha Waingereza tangu 1873. Baada ya hapo ni kona. Milima kule imejipanga mistari kutoka kaskazini kwenda kusini, kila mstari unashuka hadi mtoni, unapanda tena. Nilitapika mara mbili, mama mmoja wa Kimizo akanipa tangawizi bila kusema neno.

Aizawl imejengwa juu ya mgongo wa mlima. Unaingia nyumbani kwa mtu kutoka barabarani, unadhani ni nyumba ya chini, kumbe upo ghorofa ya juu na zingine tatu zinaning'inia chini yako bondeni. Kwenda kwa jirani ni ngazi. Ndiyo maana ya jina langu humu.

Nitashusha kwa awamu. Kwanza panya.

---

Kijiwe Cha Kahawa #2

Nimewahi siti ya mbele. Shusha mkuu, kahawa ipo.

---

Mlalahoi Mkuu #3

Panya waanzishe jimbo? Isije ikawa chai hii.

---

Mpanda Ngazi #4

Mlalahoi Mkuu, subiri uone.

Milima ya kule imefunikwa na mianzi, na mingi ni ya aina moja wanayoiita mautak. Mianzi hii haichanui kila mwaka. Inakaa kama miaka 48 inakatwa, inachipua, inakatwa, halafu msimu ukifika inachanua yote kwa pamoja, mlima kwa mlima. Inazaa matunda makubwa, yanajaa kiganja. Kisha inakufa yote, milima inabaki rangi ya majani makavu.

Matunda yale ni karamu ya panya. Wanakula, wanazaa, wanaozaliwa nao wanazaa. Matunda yakiisha, kundi lote lile linageukia mpunga. Wazee wanasimulia mtu aliyelala shamba lake likiwa limebakiza siku chache kuvunwa, asubuhi akakuta mabua. Wanakula usiku mmoja wanahama, ukitoka na fimbo wamekwishafika kwa jirani.

Njaa hiyo inaitwa mautam. Mau ni mianzi, tam ni kufa kwake. Ilikuja 1862, ikaja 1911, ikaja 1959, ikaja 2007. Katikati yake kuna ndugu yake, thingtam, ya mianzi ya aina nyingine: 1881, 1929, 1977. Wazee walikuwa na hesabu yao kichwani: mautam ikipita, hesabu miaka 18 utaona thingtam, ikipita hiyo hesabu 30 utaona mautam. Piga hesabu hizo tarehe mwenyewe.

Sasa njoo 1958. Mizoram haikuwa jimbo, ilikuwa wilaya moja ya Assam, wakubwa wakikaa Shillong, makao makuu ya Assam enzi hizo. Wazee wakahesabu, baraza la wilaya likapeleka taarifa: mwakani mianzi inachanua, tupeni fedha tuweke akiba ya chakula. Wakubwa wakaona ni ushirikina wa watu wa porini. Maua ya mianzi na njaa vinahusiana nini?

1959 panya wakaja.

Msaada ulichelewa, na hizo barabara nilizotapikia mimi wakati ule hazikuwepo. Serikali ikaanza kulipa fedha kwa kila mkia wa panya, watu wakaleta mikia kwa marobota. Vijana wakaunda chama cha kubeba mchele mgongoni hadi vijiji vya ndani, wakakiita Mizo National Famine Front. Aliyekiongoza ni Laldenga, aliyewahi kuwa havildari (sajenti) wa jeshi la India, kisha karani wa baraza la wilaya. Wakati watu bado wana machungu ya njaa, 1960 Assam ikapitisha sheria ya kufanya Kiassam kuwa lugha rasmi. Tarehe 22 Oktoba 1961 chama kile kikatupa neno Famine, kikabaki Mizo National Front, MNF. Kutoka kugawa mchele hadi kudai nchi ni neno moja tu limefutwa.

---

Bint Pangani #5

Lahaula. Yaani mtu anakwambia njaa inakuja mwakani, na mwaka anautaja, unamcheka?

---

Mkenya Halisi #6

Mau ni mianzi? Sisi huku Mau ni msitu, na Mau Mau ni hadithi nyingine ndefu. Naona majina yanafanana na vita pia. Endelea, ndugu yangu.

---

Mlalahoi Mkuu #7

Nafuta kauli. Nimepiga hesabu, zimekaa sawa. 1862 kwenda 1881 imezidi mwaka mmoja tu.

---

Mpanda Ngazi #8

Panya hawana kalenda ya ukutani mkuu, msamehe huo mwaka mmoja.

Awamu ya pili. Usiku wa 28 Februari 1966 MNF walishambulia kwa pamoja Aizawl, Lunglei, Champhai na vituo vingine. Tarehe 1 Machi wakatangaza uhuru. Indira Gandhi alikuwa na wiki chache tu kwenye kiti cha uwaziri mkuu.

Tarehe 5 Machi zikaja ndege za kivita za jeshi la anga la India. Zikapiga Aizawl kwa risasi na mabomu, kesho yake zikarudi. Mitaa ya Dawrpui na Chhinga Veng iliungua. Watu walikimbilia msituni na watoto mgongoni. Serikali ikasema ndege zilipeleka askari na vifaa tu. Haijawahi kutokea tena India ikarusha mabomu juu ya mji wake yenyewe. Hadi leo 5 Machi kule ni siku ya kumbukumbu, Zoram Ni.

Baba wa rafiki yangu alikuwa mtoto siku hiyo. Tukiwa tunakula alinionyesha upande wa pili wa bonde, akasema tulikuwa tumejificha pale, mama akatuziba masikio kwa puan yake. Puan ni nguo ya kufuma kwa mkono wanawake wanajifunga kiunoni, tuseme kanga yao, ila nzito. Hakuongeza kitu, akaniwekea kipande kingine cha nguruwe.

Kuanzia 1967 jeshi likaanza kuwahamisha watu. Zaidi ya vijiji 500 vilivunjwa, nyumba zikachomwa, wakazi wakasogezwa kando ya barabara kwenye kambi kubwa zenye uzio, kutoka kwa kibali, kurudi kabla ya jua kuzama. Lengo ni waasi wasipate chakula wala habari. Lakini mkulima wa kule anahamahama na shamba lake mlimani. Ukimfungia kando ya lami umemuua njaa bila panya. Kipindi chote hicho, miaka 20, wanakiita rambuai, nchi iliyovurugika.

---

Mkenya Halisi #9

Mpanda Ngazi, hapa umenigusa. Hiyo ya kambi na uzio tunaijua. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, Mwingereza aliwafungia Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye vijiji vya namna hiyohiyo. Nyanya yangu alichimba handaki lililozunguka kijiji chao, lenye miti iliyochongwa ncha ndani. Hawezi kusikia neno kijiji akatulia.

---

Mpanda Ngazi #10

Ni dawa ya chupa moja mkuu. Mwingereza aliitumia Malaya kwa wakomunisti, akaileta kwenu, na jeshi la India lilirithi vitabu vyake vya vita. Pole kwa nyanya.

---

Nyanda za Juu #11

Operesheni Vijiji yetu je? Nayo si watu walihamishwa kwa malori?

---

Mpanda Ngazi #12

Kuhamishwa walihamishwa, na nyumba zingine zilichomwa, sikatai. Ila kule kulikuwa na vita na uzio. Tukianza huo mjadala uzi utahama, tufungue mwingine.

Namaliza siasa. MNF walijificha Pakistan ya Mashariki hadi 1971 ilipogeuka Bangladesh, wakafukuzwa, Laldenga akaenda Pakistan, baadaye Ulaya. 1972 Delhi ikaitoa Mizoram mikononi mwa Assam ikawa eneo linalosimamiwa na serikali kuu. Mazungumzo yakaanza, yakavunjika, yakaanza tena. Tarehe 30 Juni 1986 mkataba ukasainiwa, msituni wakatoka na bunduki wakaziweka chini. Lal Thanhawla wa chama cha Congress aliyekuwa waziri kiongozi akapisha kiti, Laldenga akakalia. Tarehe 20 Februari 1987 Mizoram ikawa jimbo la 23 la India.

Mkataba ule haujavunjika. Ukifuatilia mikataba ya waasi na serikali duniani, na hata hapo jirani Nagaland ambako mazungumzo yamezidi miaka 20, utaona hilo si dogo. Katiba ya India ina kifungu cha 371G: sheria ya Delhi inayogusa ardhi, dini au mila za Wamizo haifanyi kazi kule mpaka bunge lao likubali.

---

Dada Mkuu #13

Siasa nimeelewa, sasa tupe mila. Hao ndio kule mwanamke anarithi nyumba na mwanaume anahamia ukweni? Niliwahi kuona makala.

---

Mpanda Ngazi #14

Dada Mkuu, hao ni Wakhasi, wa jimbo la Meghalaya. Kwao ukoo ni wa mama na mtoto wa kike wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba. Wamizo ukoo ni wa baba. Lakini nao wana jambo: mrithi kwa mila ni mtoto wa kiume wa MWISHO. Wakubwa wakioa wanajenga kwao, kitinda mimba anabaki kuwatunza wazee na nyumba inakuwa yake. Mimi kitinda mimba, niliipenda sana mila hiyo.

Majina yao nayo yana siri. Jina la mwanaume linaishia na a, la mwanamke na i. Laldenga, Zoramthanga wanaume. Ropuiliani mwanamke. Jina la ukoo halitumiki kama letu la baba au babu, kila mtu na lake. Barua ikija unajua jinsia kabla hujaifungua.

Na heshima: mwanaume unamwita Pu, mwanamke Pi. Maana yake ya asili ni babu na bibi. Sikufundishwa mara mbili.

---

Kijiwe Cha Kahawa #15

Ropuiliani ndiyo nani?

---

Mpanda Ngazi #16

Mwanamke aliyekuwa chifu kusini, eneo la Lunglei. Waingereza walipoingia kudai kodi na vibarua wa bure, akakataa katakata. 1893 wakamkamata yeye na mwanawe, wakawafunga Chittagong. Alifia gerezani Januari 1895. Maiti ikarudishwa kwao.

Waingereza walifikaje? Kwa chai, ya kweli hii. Mashamba ya chai ya Cachar, upande wa Assam, yalipanda hadi kwenye misitu ambayo machifu wa milimani waliihesabu uwanja wao wa kuwindia. Januari 1871 wakavamia shamba la Alexandrapore, wakamuua James Winchester na kumchukua binti yake Mary, mtoto wa miaka kama sita. Vita ya 1871 hadi 1872 ilikuja kwa sababu yake. Walipomkuta kwa chifu Bengkhuaia alikuwa amepewa jina Zoluti, anavuta kiko na kuongea lugha yao. Alirudishwa Uskoti. Mpaka leo Wamizo wanamsimulia kama binti yao aliyeolewa mbali.

---

Mlalahoi Mkuu #17

Niliskia hao jamaa walikuwa wakikata vichwa vya watu.

---

Mpanda Ngazi #18

Walikuwa wakikata. Shujaa, pasaltha, alirudi na kichwa cha adui, kijiji kinapiga ngoma. Hata wao hawafichi.

Ila ukitaka kuelewa kilichomtengeneza huyo shujaa, njoo zawlbuk. Ni nyumba kubwa iliyojengwa karibu na ya chifu, vijana wote wa kiume walilala humo. Mlangoni kunalazwa gogo, mtoto haruki hovyo. Wadogo kazi yao kuleta kuni. Mle ndani kijana alifundishwa kupigana mieleka, kuwinda, kusimulia, na kushika tlawmngaihna.

Hili neno nimelihangaikia. Rafiki yangu kila nikimwomba tafsiri ananipa mfano. Mmeenda kuwinda wanne, chakula kimebaki cha watatu, unasema tumbo linakuuma. Mgeni kafika usiku, unampa mkeka wako unasema unapenda kulala chini. Ukisema unafanya kwa tlawmngaihna, basi huna. Aliyewazidi wenzake kwa hilo zawlbuk ilimpa nopui, kikombe cha pombe ya mchele, anywe wa kwanza mbele ya chifu. Jamii yenye machifu na watumwa, tuzo kubwa ya kijana ni kikombe, na hakiombwi.

Zawlbuk zilikufa miaka ya 1930 shule ziliposhika kasi. Msimamizi mmoja Mwingereza alijaribu kuzifufua, wazazi wenyewe wakagoma: kijana asome taa ya nyumbani. 1935 kikaanzishwa chama cha vijana ambacho leo ni Young Mizo Association, YMA, na kazi za zawlbuk zikahamia huko.

Nilishuhudia. Mtaani kwa rafiki yangu kulifiwa tarehe 27 Desemba, mzee wa watu. Kipaza sauti cha mtaa kikatangaza. Nusu saa haikupita vijana wameshika sururu, wamekwenda kuchimba kaburi kwenye mwamba, wengine wanaranda mbao za jeneza. Mfiwa hajatoa rupia kununua hata msumari. Usiku nyumba ikajaa, wakakaa wamebanana sakafuni wakiimba taratibu, ngoma moja katikati, hadi alfajiri. Vijana wakalala palepale kwa wafiwa siku kadhaa.

---

Bint Pangani #19

Hiyo si kulala matanga kabisa! Sisi tulilala, siku hizi watu wanatuma kwa simu na "poleni" ya mkato.

---

Mpanda Ngazi #20

Kabisa bi dada. Nami mgeni niliinuka nikawasaidia kubeba mbao, mzee mmoja akaniita Pu. Nilikuwa na miaka 23.

Na mauti ya zamani yalikuwa na safari yake. Roho inapita ziwa Rih Dil, kisha kuna Pawla, mtu wa kwanza kufa, kasimama njiani na manati. Kila anayepita anapigwa jiwe. Ukipigwa unaishia Mithi Khua, kijiji cha wafu, maisha yaleyale ya kubangaiza. Wenye cheo cha thangchhuah, waliolisha kijiji karamu kadhaa kubwa au kuua orodha ya wanyama wakubwa, hawapigwi, wanavuka hadi Pialral, kula wali uliokwisha kukobolewa. Mnielewe: pepo yao ilikuwa mahali ambapo mchele mtu anaukuta tayari. Ukiwahi kutwanga mpunga utaona mantiki.

Rih Dil ipo kweli, umbo la moyo. Watani wanasema ziwa kubwa la Mizoram lipo Burma, yaani Myanmar, kwa sababu Mwingereza alipochora mpaka ziwa lilibaki upande wa pili. Njia ya ahera ikawa inavuka forodha.

---

Sajenti Mstaafu #21

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Babu yangu mzaa baba alikuwa keya, askari wa Mwingereza, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alikuwa akitaja Tamu, Kabaw na Kalewa kama anavyotaja Korogwe. Ni jirani na huko?

---

Mpanda Ngazi #22

Shikamoo mzee. Jirani hasa. Bonde la Kabaw lipo Burma, linaambaa na mpaka wa Manipur, jimbo lililopakana na Mizoram, na kusini yake inainuka milima ya Wachin, ndugu wa damu wa Wamizo. Divisheni ya 11 ililishuka bonde lile kuanzia Agosti 1944, masika yote, matope na malaria, hadi mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba.

---

Sajenti Mstaafu #23

Marahaba kijana. Alisema mvua ya kule ukivua kiatu ngozi inatoka nacho. Na kwamba watu wa milimani walikuwa wafupi, wanabeba mizigo kwa kamba ya kichwani, hawaongei. Nashukuru kwa kunionyesha mahali.

---

Nyanda za Juu #24

Dini yao ipi? Umetaja Krismasi.

---

Mpanda Ngazi #25

Wakristo, karibu 87 kwa mia, wengi Wapresbiteri na Wabaptisti. Wamisionari Lorrain na Savidge walifika 11 Januari 1894, siku hiyo mpaka leo ni sikukuu kule. Kabla yao Wamizo hawakuwa na maandishi. Wanasimulia kwamba walikuwa nayo, kwenye ngozi, mbwa akaila. Wawili hao wakaiandika lugha kwa herufi za Kirumi, wakaanzisha shule. Lorrain wakamwita Pu Buanga kwa rangi ya nywele zake. 2011 kusoma na kuandika ilikuwa zaidi ya 91 kwa mia.

Kuna waliolipa. Daktari Peter Fraser, mmisionari pia, alipiga kelele juu ya bawi, watu waliokuwa mali ya chifu. Serikali ya kikoloni iliwahitaji machifu, ikamtaka anyamaze, mwisho akafungishwa virago. Uchifu wenyewe ulifutwa 1954.

---

Mlalahoi Mkuu #26

Yaleyale. Mzungu kaja, mila zimezikwa.

---

Mpanda Ngazi #27

Zilizikwa, zingine zikafukuka. Mwanzoni kanisa liliipiga vita pombe, sherehe na hata ngoma. Leo nenda ibada uone, khuang ipo mbele, ngoma ya gogo, na wanaimba kwa sauti ya huzuni ambayo haijatoka Uwelisi kwa wamisionari. Chapchar Kut, sherehe ya Machi wakati mianzi iliyokatwa inakauka ikisubiri kuchomwa, ilirudishwa kwa kishindo 1973. Pale utaona cheraw: wanaume wamechuchumaa wanagonganisha mianzi, wasichana wanaruka katikati. Ukikosea hesabu kifundo cha mguu kinajibu. Nilijaribu, sisemi zaidi.

---

Kijiwe Cha Kahawa #28

Ila si kuna yule mzee wa wake 39 alikuwa hukohuko? Picha yake ilizunguka sana.

---

Mpanda Ngazi #29

Ziona wa Baktawng, alifariki Juni 2021. Alikuwa kiongozi wa dhehebu dogo lake. Ukimtaja kwa Mmizo wa kawaida anakunja uso, kwa sababu ndiyo swali la kwanza wanaloulizwa.

---

Dada Mkuu #30

Mbona unawapamba tu? Hawana baya?

---

Mpanda Ngazi #31

Wanalo. Mizoram kuna makabila madogo: Wabru, Wachakma ambao ni Wabudha, Wamara, Walai. 1997 kulitokea vurugu na Wabru, maelfu kwa maelfu wakakimbilia jimbo jirani la Tripura wakaishi kambini zaidi ya miaka 20. Januari 2020 ukasainiwa mkataba wahamie Tripura moja kwa moja. Watu walioteseka kwa kufungiwa kambini, jirani zao wakaishia kambini. Nilipomgusia rafiki yangu alisema "ni jambo gumu" akabadilisha mada. Tlawmngaihna ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni ya ukoo.

Kwa upande wa ndugu zao ni kinyume kabisa. Jeshi la Myanmar lilipopindua serikali Februari 2021, Delhi iliagiza mpaka ufungwe. Zoramthanga, waziri kiongozi wa wakati huo, mwenyewe aliyekuwa msituni na Laldenga, akaandika barua kwamba wale ni ndugu zetu hatuwezi. Wachin zaidi ya 30,000 wakapokelewa, YMA na makanisa wakiwalisha. 2023 Manipur ilipowaka wakaja wengine zaidi ya 12,000.

---

Bint Pangani #32

Na biashara wanafanya? Maana sijasikia duka wala soko.

---

Mpanda Ngazi #33

Umenikumbusha. Barabarani upande wa Seling kuna vibanda vya mianzi havina muuzaji. Wanaviita nghah loh dawr, duka lisilongojewa. Nilisimama kimoja: mafungu ya majani ya haradali, machungwa, chupa ya juisi, bei imeandikwa kwa mkaa kwenye boksi. Pembeni kopo la kuwekea fedha na kopo la chenji, unajirudishia mwenyewe. Mwenye mali yupo shambani.

Kwenye kopo pameandikwa pawisa. Nikamuuliza rafiki yangu, hii si pesa? Akasema ndiyo, pesa. Neno limetoka Uhindini, likapanda mlima kwao, likapanda jahazi kwetu.

---

Mlalahoi Mkuu #34

Kibanda hicho ukikiweka Manzese saa moja asubuhi, saa moja na dakika tano hakuna kopo, hakuna kibanda.

---

Mkenya Halisi #35

Na Gikomba wangechukua hata kivuli chake. Swali la mwisho: 2007 panya walikuja tena kweli?

---

Mpanda Ngazi #36

Walikuja. Safari hii serikali ya jimbo ilikuwa mikononi mwa MNF, chama kilekile cha njaa, na Zoramthanga kitini. Walianza kujiandaa mapema: wakulima wakahimizwa kupanda tangawizi na manjano ambazo panya hawazipendi, mikia ikanunuliwa tena. Mashamba yaliliwa, watu wakalia na mgao wa mchele, ila haikuwa 1959.

Bibi ya rafiki yangu nilimkuta hai. Nilimuuliza ana miaka mingapi, akacheka, akasema mwaka haujui, ila mama yake alimbeba mgongoni kwenda kuokota viazi pori wakati wa thingtam. Nikahesabu: 1929. Akaonyesha kidole kwa mjukuu mdogo aliyekuwa anachezea viatu vyangu mlangoni, aliyezaliwa mautam ya juzi, akasema huyu ataiona nyingine akiwa na mvi. Kisha akaniuliza kwetu panya wanakuja kila baada ya miaka mingapi.